Kazi Imepatikana

Kwa mara ya tatu wiki ile, karani alimwambia Siafu kwamba muhuri haukuwa na wino.

"Fomu yako nimeipokea," alisema, akiisukuma chini ya rundo la mafaili. "Tarehe tutagonga wino ukija."

"Bila tarehe, siku hazihesabiki."

"Nani kakwambia?"

Siafu alionyesha mlango kwa kidevu. Tangazo lilikuwa limebandikwa pale tangu mwaka jana, na kwa kusimama foleni alikuwa amelisoma hadi akalihifadhi. Kila kaya ina haki ya siku mia moja za kazi ya umma kwa mwaka. Mwombaji asipopewa kazi ndani ya siku kumi na tano tangu ombi lake lipokelewe, atalipwa posho mpaka kazi ipatikane.

Karani hakugeuka. "Mashamba ya Tajiri yanataka palizi. Kule hakuna anayekosa kazi."

"Analipa nusu."

"Nusu si sawa na hakuna. Halafu nyinyi mkipewa kazi mnakataa. Mwaka jana, kijijini kwenu tu, wanne walikataa."

Siafu aliijua palizi ya Tajiri. Vipande vya kulima vilipimwa kwa hatua za msimamizi, na Tajiri alikuwa amemchagua msimamizi mrefu kuliko wanaume wote wa kata. Kipande cha siku moja kilikwisha kwa siku mbili, na malipo yalibaki ya siku moja.

Jina la Siafu alipewa na marehemu mumewe, kwa kuwa alikuwa mdogo, mweusi, na akishauma haachii. Asubuhi iliyofuata alirudi ofisini ameshika kifuniko cha chupa kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba maji ya moto. Ndani yake kulikuwa na masizi ya sufuria aliyoyasaga na kuyachanganya na mafuta. Akakiweka mezani.

"Wino," alisema.

Foleni ikacheka. "Gonga, bwana," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Mtu kakupikia wino, utamwambia umeshiba?"

Karani alitazama ile foleni, akatazama kifuniko. Akagonga. Tarehe ilitoka nene, imevimba pembeni, lakini ilisomeka.

Siafu alirudi nyumbani akaanza kuhesabu. Siku ya kumi na nne, jua limeanza kuinama, tarishi wa ofisi alifika kwa baiskeli akampa barua bila kushuka. Kazi imepatikana, barua ilisema. Afike kesho saa moja asubuhi kwenye machimbo ya kokoto, ng'ambo ya mlima. Asiyefika atahesabiwa amekataa kazi, na kaya yake itaondolewa kwenye orodha kwa mwaka mzima.

Kufika machimboni ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu.

Aliisoma barua kwa sauti karibu na kitanda cha mama mkwe. Mwaka wa pili sasa, upande wa kulia wa mwili wa mama huyo haukumtii. Ilibidi ageuzwe kila baada ya saa chache, na hata hivyo kidonda kilikuwa kimeshaanza kufunguka nyongani. Jirani pekee aliyeweza kumgeuza alishinda kila siku kwenye palizi ya Tajiri mpaka jioni.

"Basi siendi," Siafu alisema.

"Usipoenda watasema umekataa." Maneno yalitoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nenda, mwanangu. Mimi nitakimbilia wapi?"

Wakacheka wote wawili, kidogo.

Kabla hajaondoka alimgeuza, akamwekea maji na viazi vya kuchemsha pale mkono wa kushoto ulipofika. Jua lilimkuta juu ya mlima. Alifika machimboni saa moja kasoro dakika chache, kanga imelowa jasho mgongoni.

Shimo lilikuwa limeota nyasi. Langoni mlinzi alikuwa akichemsha chai juu ya mafiga. Alipomwona alisimama haraka.

"Umepotea, dada?"

"Nimekuja kazini."

Mlinzi aliisoma barua polepole, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kazi ilisimama mwaka juzi. Mashine zilichukuliwa, hata nyundo. Nimebaki mimi na hili lango."

"Mbona nimeitwa?"

Mlinzi alitoa daftari chini ya kigoda, akalifungua ukurasa wa siku ile. Jina la Siafu lilikuwa pale, na mbele yake, kwa mwandiko wa karani, neno moja: *Hakufika*.

"Linaletwa limeshaandikwa," mlinzi alisema. "Mimi natia sahihi tu. Saa nne anakuja mtu wa pikipiki kulichukua."

Siafu alifunua kurasa za nyuma. Aliwakuta wale wanawake wanne wa kijijini kwao. Mmoja wao, Siafu mwenyewe alikuwa amemsema kisimani, mbele ya watu, kwamba ni mvivu.

"Futa. Andika nimefika."

"Wataniuliza ulifanya kazi gani."

"Andika."

"Dada, nina watoto watano. Wewe ndiye wa kwanza kufika hapa. Mwenzako sijui nifanyeje."

Siafu alilitazama shimo. Akashuka, akatafuta jiwe la kumtosha mkononi, akakaa chini, akavuta jingine mbele yake akaanza kugonga. Jiwe la tatu ndilo lililopasuka. Aliweka vipande upande wa kulia. Mlinzi alimwita mara mbili, kisha akamshushia kikombe cha chai ambacho hakikuguswa.

Jua lilipanda. Kirundo cha kokoto kilifika kwenye goti lake, na damu ya vidole ilikuwa imeshika vumbi ikaganda. Juu langoni mlinzi alikuwa amekaa na daftari mapajani, kalamu mkononi, kifuniko chake kati ya meno.

Mlio wa pikipiki ulianza kusikika kutoka chini ya mlima. Siafu hakuinua kichwa. Aligonga, akaweka upande wa kulia, akavuta jiwe jingine.