Ungetuambia Kama Farasi Anakufa

Mwalimu Kimotho alifundisha fasihi miaka thelathini na mmoja pale Kitale, na alipostaafu alidhani hakuna tena wa kumhitaji. Kwa hiyo Tabby, mwenyekiti wa chama cha wapenda farasi, alipomwomba awe akiandika mapitio ya vitabu vya farasi katika jarida lao la kila mwezi, alikubali kabla hajaulizwa kama amewahi kumpanda farasi. Hakuwahi. Hata kumgusa hakuwahi. Alijiambia kuwa alishafundisha tamthilia za wafalme miaka yote hiyo bila kuwa mfalme.

Chama kilikuwa na wanachama arobaini na farasi kumi na mmoja. Wengi walipenda farasi jinsi watu wanavyopenda timu za mpira za ng'ambo, kwa moyo wote na kwa mbali.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa riwaya kuhusu mzee na farasi wake. Kimotho aliandika aya saba. Alisifu mtindo unaotiririka, akachambua upweke wa binadamu, akataja "uzito wa maisha" mara tatu. Alipomaliza, alijiona ameandika vizuri kumshinda mwenye kitabu.

Majibu yalikuja kwenye kundi la WhatsApp la chama.

"Huyo farasi ni wa aina gani?" aliuliza Jepkemboi, mwanachama kutoka upande wa Endebess. "Mwalimu hajasema."

"Kwato zimeelezwa?" akauliza Kizito, fundi wa matandiko ya farasi.

Mwingine alitaka kujua tu kama kuna picha.

"Watu hawa hawajui kusoma," Kimotho alimlalamikia mkewe.

Waruguru alikuwa akichambua maharagwe. "Wanajua," alisema. "Wanataka habari za farasi. Wewe umewapa zako."

Mtu mmoja tu ndiye aliyenunua riwaya ile, naye ni Wekoye, mkulima wa miwa wa Kabuchai. Alikuwa na farasi mmoja, Simiyu, ambaye siku za soko alimpeleka Chwele watoto wakampande na kupigwa picha. Baada ya wiki mbili Wekoye alipiga simu.

"Mwalimu, farasi amekufa."

"Pole sana. Simiyu alikuwa mgonjwa?"

"Simiyu yuko hapa anakula. Nasema yule wa kitabu. Ukurasa wa mia mbili na kumi."

Kimotho alicheka, kisha akagundua amecheka peke yake.

"Nilikuwa nasomea mama yangu kila siku tukishakunywa chai ya saa kumi," Wekoye aliendelea. "Sasa ni siku ya tatu, chakula hataki. Ati anaomboleza. Si ungetuambia, Mwalimu?"

Kimotho alimsimulia mkewe akitarajia wacheke pamoja. Waruguru alimwambia avae koti aende akatoe pole. Basi Jumamosi Mwalimu alifika Kabuchai na sukari, mkate, na kitabu cha pili alichopewa kukihakiki, cha kufundisha ufugaji wa farasi.

Mama Nakhungu, mama yake Wekoye, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko. Riwaya ilikuwa mapajani, imefunikwa kwa leso.

"Wewe ndiye ulisema kitabu ni kizuri?"

"Ni mimi, Mama."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Kimotho alianza kueleza kwamba kifo kile kilikuwa ishara ya jambo jingine. Mama Nakhungu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umewahi kuona farasi?" aliuliza.

Ikabidi aseme ukweli. Mama alimwambia mwanawe ampeleke kwa Simiyu.

Simiyu alimpumulia Mwalimu shingoni, na Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Ili kuficha woga alifungua kile kitabu cha ufugaji, akasoma kwa sauti: kuinua mguu wa mbele, simama mbele ya farasi uuvute.

"Nani ameandika hiyo?" Wekoye aliuliza. "Ukisimama hapo mbele, unataka kugongwa. Kuja hapa kando, bana. Angalia upande wa mkia. Sasa shusha mkono polepole."

Kimotho alishusha mkono. Mguu ukainuka, na papo hapo Simiyu akamwegemea. Mwalimu alitoka jasho, akakumbuka kwa aibu zile aya zake saba. Walikaa pale mpaka alasiri wakipitia kitabu sura kwa sura, Wekoye akikubali hii na kukataa ile, farasi akivumilia.

Mapitio ya mwezi ule yalikuwa mafupi. "Farasi hafi. Sura ya tatu, ya chakula, iaminini. Sura ya sita, ya kwato, irarueni. Wekoye wa Kabuchai atawaonyesha. Picha ni kumi na nne, mbili zimepinduliwa. Lugha ni mbovu mwanzo hadi mwisho."

"Haya sasa ndiyo mapitio," aliandika Jepkemboi. Watu ishirini na wawili waliagiza kitabu kile, kibaya kuliko vyote alivyosoma tangu astaafu. Mwalimu alipongezwa siku nzima, na siku nzima alikuwa na huzuni.

Kisha Tabby alimwomba aandike upya mapitio ya riwaya ya kwanza kwa mtindo huo huo. Kimotho alimpigia Wekoye kumjulia hali mama, akaambiwa wamerudia kitabu toka mwanzo, kwa amri ya Mama Nakhungu mwenyewe. Alishika kalamu akaandika: "Farasi ni wa kazi, rangi ya kahawia. Kwato hazikuelezwa. Picha hakuna. Anakufa ukurasa wa mia mbili na kumi. Mama mmoja wa Kabuchai alimlilia siku tatu, na sasa anasomewa mara ya pili."

Watu tisa waliagiza. Safari hii hakuna aliyeuliza kuhusu kwato. Jepkemboi aliuliza kama yule mama ameshaanza kula, na Kimotho akamjibu kuwa jana alikula ugali na kuku.