Kirusi cha Aina Nyingine

Kinyozi alitapika uani pa zahanati, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaingia kusikiliza majibu. Macho yake yalikuwa ya manjano. Nyuma yake alifuata mdogo wake, amekonda kama ufito, akijikuna mikono.

Daktari hakuwakaribisha kiti.

"Wewe si tulikuponya?"

"Mliniponya, daktari."

Kweli walimponya. Homa ya ini C ilimtoka, akarudi kunyoa watu, akakaa bila kujidunga unga wa heroini mpaka mama yao alipofariki. Msiba ukamrudisha alikotoka. Wakati huo dirisha la kugawa sindano safi lilikuwa limeshafungwa. Mkubwa mmoja alisimama mbele ya kamera akasema serikali hailei mateja. Basi yeye na mdogo wake wakachangia bomba moja la sindano, wakilisuuza kwa maji ya ndoo.

"Hiki si kile cha zamani," daktari alisema, macho kwenye simu yake. "Ni kirusi cha aina nyingine. Siku hizi kinasambaa sana kwenu. Dawa tulizo nazo hazikiwezi."

"Na zinazokiweza?"

"Hazijaagizwa. Hata zikija, mtu hutibiwa mara moja tu maishani. Umejichoma tena, shauri yako."

Kinyozi akamvuta mdogo wake mbele. "Basi huyu mdogo wangu. Yeye hajatibiwa kabisa."

"Naye anacho hicho hicho. Bado anajidunga?"

Mdogo mtu akainamisha kichwa.

"Aache kwanza."

Pembeni alikuwepo mtafiti, mgeni mwenye viatu visivyo na vumbi. Akawaomba damu. Aina hii mpya ilikuwa haijachunguzwa vya kutosha, alisema, na kupata ndugu wawili wenye kirusi kimoja ni bahati kubwa.

"Bahati ya nani?" Kinyozi aliuliza.

"Ya wagonjwa wajao."

"Na sisi?"

"Mtapewa soda."

Mdogo mtu alikuwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, tumbo tupu tangu jana. Akakunja mkono wa shati. Muuguzi akafungua katoni iliyojaa mabomba mapya, kila moja ndani ya karatasi yake. Akachoma, mshipa ukakimbia. Akalitupa lile bomba kwenye ndoo ya taka, akachana jingine. Akakosa tena.

"Sista," mdogo mtu alisema taratibu, "moja tu, ambalo hujalifungua. Nisaidie."

"Haya ni ya utafiti," muuguzi alisema, akalitupa la pili, akachana la tatu. "Kunja ngumi."