Namba Moja ya Kichwani

Simu ililia wakati mikono ya Raisa imezama kwenye unga hadi viwikoni. Katika kiwanda kile cha mikate pale mjini Pryluky ilikuwa marufuku kuingia na simu kwenye chumba cha kukandia, lakini Raisa aliruhusiwa, na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Aliichomoa kwenye mfuko wa aproni kwa vidole viwili, akaibonyeza kwa kifundo, akaibana kati ya sikio na bega.

"Mama yake Zakhar?" Sauti ya mwanamume, ya upole, yenye adabu zake zote. "Zakhar aliyezaliwa mwezi wa tatu, damu kundi B, mwenye kovu la kidole tumbo?"

"Ndiyo. Leo unataka nini?"

"Leo?" Yule mtu akababaika kidogo. "Kwani tumewahi kuongea?"

"Wewe au ndugu yako, nitajuaje? Mko wengi kama inzi. Sema haraka, mkate wa watu unaharibika."

Lida, msimamizi wa zamu, alizima mashine ili mwenzake asikie vizuri. Kisha akasema kwa sauti kubwa makusudi: "Mwambie basi amtafute na mume wangu! Huyo hayuko mbali, yuko kwa yule mwanamke wa duka la samaki, ila mimi nimechoka kumfuata."

Wanawake wakacheka. Raisa naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo, maana kucheka kwenyewe kulikuwa kazi. Yule bwana akakata simu. Akapiga tena baada ya chakula cha mchana, safari hii kwa sauti nyingine na jina jingine.

Zakhar, mwanawe, alikuwa mwanajeshi, na tangu vuli iliyopita hakujulikana alipo. Handaki lao huko mashariki lilizingirwa, wengine wakatoka, yeye hakutoka. Jeshi lilimwandikia Raisa neno moja tu, "hajulikani", na neno hilo alilala nalo na kuamka nalo. Kisha, majira ya baridi, washenzi fulani wakaingia kwenye kompyuta za kikosi wakabeba kila kitu: majina, siku za kuzaliwa, makundi ya damu, makovu, anwani, na namba za simu za mama zao na wake zao. Wakubwa walinyamaza kimya, tena kimya cha aibu. Familia zilikuja kujua zilipoanza kupigiwa.

Wengine walikuwa matapeli wa kawaida, hao hawakumsumbua sana Raisa. Waliomtoa jasho ni wale wa upande wa pili wa vita. Hao hawakutaka hela. Walitaka picha ya stesheni ya treni, au kujua magari ya jeshi yanalala wapi, na wewe mama mtoto wako atapata dawa, atapata blanketi, atapata kuishi. Kila mmoja alimjua Zakhar mpaka kovu la tumboni, na wote walilijua kutoka kwenye mafaili yale yale ya wizi. Lakini yupo mmoja kati yao ambaye huenda kweli alikuwa naye hapo pembeni, amefungwa. Yupi? Hilo ndilo lililokuwa likimla Raisa.

Jumapili binti yake Myroslava, anayeuza dawa kwenye famasia ya karibu na soko, alikuja wakala borshi pamoja, ile supu nyekundu ya mboga. Hata hajakaa vizuri, akaanza.

"Mama, badilisha hiyo namba. Afisa wa kikosi alishatuambia. Wenzako wote wamebadilisha."

"Wenzangu watoto wao wana vichwa. Kaka yako je? Huyo hata siku yangu ya kuzaliwa hunipigia kesho yake. Namba anayoijua ni hii moja tu, tena nilimkaririsha mwenyewe akiwa na miaka sita, kwa sababu kila tukienda sokoni anapotea."

"Mama, lakini umeungua mkono kwenye tanuri kwa kukosa usingizi!"

"Mkono utapona. Kula."

Myroslava alikuwa anajua vizuri kabisa. Kila familia ya waliopotea ilijua. Huko kwenye zile selo za mateka hakuna karatasi wala kalamu, na anayekutwa na maandishi hupata cha mtema kuni. Kwa hiyo vijana hufundishana namba za simu za nyumbani kwao. Wanazirudia kwa kunong'ona kama watu wanaosali, wewe ya mama yangu, mimi ya mke wako, na siku mmoja wao akibahatika kubadilishwa na mateka wa upande wa pili, hutoka na namba za selo nzima kichwani. Kabla hata ya kuonja chai ataomba simu. Mama wangapi wamejua kwa njia hiyo kwamba watoto wao wanapumua! Sasa Raisa abadilishe namba, halafu yule kijana apige, ajibiwe kwamba namba haipatikani? Heri asumbuliwe.

Hawajamaliza bakuli, simu ikalia. Raisa akapokea. Sauti haikuwa na adabu safari hii.

"Msikilize mwenyewe," ilisema.

Nyuma yake mtu alikuwa analia. Kijana. "Mama," alisema, "Mama, Mama." Hakuna kingine. Na kijana akilia hivyo, nani anaweza kuapa kwamba ni wake au si wake?

"Picha moja tu. Panda daraja la stesheni, piga reli na mabehewa. Kabla ya jioni." Simu ikakatwa.

Raisa aliweka kijiko mezani taratibu. Akaenda ukumbini, akavaa koti. Myroslava akamuwahi mlangoni, akasimama mbele yake na mikono ameitanua.

"Unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

"Na simu mkononi? Mama, niangalie. Unakwenda wapi?"

"Picha moja, Slava. Reli ipo pale miaka yote, kila mpita njia anaiona. Watakuwa wamepata nini?"

"Na kesho reli ikipigwa bomu? Na treni ina watu ndani? Watoto wa mama wengine hao!"

Raisa akakaa kwenye kile kistuli cha kuvulia viatu, koti mwilini, akalia kama hajalia tangu vuli. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka hoi. Kila nikiwaambia hapana naona nimemuua kwa mdomo wangu mwenyewe."

Lakini hakwenda. Simu ilipolia tena kabla ya jioni alipokea akiwa bado na koti, akasema, "Hapana, sipigi picha yoyote," na yule mtu akamwambia atajuta. Kama vile alikuwa hajaanza kujuta! Myroslava akamlaza kitandani, akamvua soksi, akachukua simu akisema anakwenda kuichaji.

Siku zilizofuata simu ilitulia. Watu wa nyumbani walipiga, Lida alipiga, ila wale wengine kimya kabisa. Raisa akalala usingizi wa kweli, mpaka Lida akamtania kazini kwamba amepata bwana maana uso umenawiri. Lakini haukupita muda, kile kimya nacho kikaanza kumtafuna. Mbona wamemwacha? Mfanyabiashara haachi mteja bure. Huenda wamemwacha kwa sababu hawana tena cha kubadilishana. Wazo hilo lilimpata mbele ya tanuri.

Ijumaa asubuhi redio ya kiwandani ikatangaza kwamba wafungwa wa vita wamebadilishwa, na mabasi yameshavuka mpaka yanaelekea mji wa Chernihiv. Kazi ikasimama. Raisa alipangusa pembe moja ya meza, akaiweka simu pale, wote wakaizunguka wakiitazama. Haikulia.

"Labda mtandao," alisema Lida. Akapiga kwa simu yake mwenyewe, na ile ya Raisa ikalia vizuri. "Inafanya kazi." Lakini Lida ni mtu asiyeridhika upesi. Akaenda ofisini, akapiga kwa simu ya waya ambayo Raisa hakuwa na namba yake, akarudi amekunja uso. "Raisa, imekatwa papo hapo. Hata haikuita kwako. Nani ameigusa hii simu?"

Raisa akaelewa. Hakupiga kelele. Alimpigia binti yake, akamuuliza, "Umefanya nini kwenye simu yangu?"

Zikasikika funguo zikichukuliwa. Kisha: "Nakuja na gari."

Myroslava alifika na ile Lanos yake kuukuu, macho mekundu. Alikuwa ameifunga simu isipokee namba yoyote ngeni, basi, ili mama apumzike japo juma moja, na alidhani angeifungua kabla hakijatokea kitu. Aliifungua hapo hapo, wakashika barabara ya Chernihiv.

"Nilitaka ulale, Mama," alisema njiani.

"Nimelala. Endesha."

Raisa alikuwa na hasira ya kuweza kuuma usukani, na alijua pia kwamba angekuwa yeye ndiye binti, angefanya vile vile. Simu ilikaa mapajani. Ikiwa mtu alishapiga akakatwa, atapiga tena? Ana namba kumi nyingine za watu kichwani, na amechoka, na ana njaa. Ataona amekosea tarakimu. Ataendelea na nyingine.

Mbele ya hospitali watu walijaa mpaka barabarani, akina mama, wake na akina baba, kila mmoja na picha ya mtu wake kifuani. Mabasi yalikuwa yameshafika. Vijana wakateremka mmoja mmoja, vipara, wamekonda, bendera mabegani, na picha zikawarukia usoni. Umemwona huyu? Na huyu? Mwangalie vizuri, mwanangu, umemwona?

Raisa hakuwa na picha. Alitoka kiwandani alivyo, aproni chini ya koti, unga kwenye nyusi. Alijipenyeza mpaka kwenye kamba iliyozuia umati, akafungua mdomo, na kilichotoka ni namba yake ya simu. Aliitaja tarakimu moja moja, kwa sauti ile ya kuita mtoto aliyepotea sokoni. Ikiisha, anaanza upya.

"Shangazi, nyamaza!" mwanamke aliyekuwa pembeni akamvuta mkono. "Unataja namba mbele ya umati? Matapeli wamejaa hapa!"

"Wanayo tayari!" alifoka Raisa. "Dunia nzima inayo! Kasoro mmoja tu!" Akaanza tena. Watu wakamtazama kwa huruma, wakadhani akili imehama. Sauti ikaanza kukwaruza, akafika katikati ya namba akakohoa, akashindwa kumalizia.

"Arobaini na moja, sabini na tatu," mtu akamalizia.

Alikuwa kijana mrefu mwenye fizi zilizooza, amesimama kwenye ngazi, nesi amemshika kiwiko.

"Mama Raisa," alisema. "Mimi naitwa Pylyp. Nimepiga toka tulipovuka. Inakatwa, napiga, inakatwa. Nikajilaumu, nikasema nimeichanganya na ya mama mwingine."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Juma hili hili tulikuwa selo moja. Anachechemea, mguu haukuunga vizuri, lakini yuko hai."

Raisa alishika kamba kwa mikono miwili. Myroslava alikuwa nyuma yake, amemkumbatia kiuno, analia mgongoni mwake bila kujificha.

"Jumapili walimtoa," Pylyp aliendelea haraka, maana nesi alikuwa anamvuta. "Walipomrudisha wakamwambia mbele yetu sote: tumempigia mama yako, tumemwomba kitu kidogo tu, amekataa. Mama yako hakutaki."

Raisa akakumbuka kile kilio cha Jumapili. Kumbe alikuwa ni yeye kweli. "Akasema nini?"

"Akacheka, Mama. Tulidhani amerukwa na akili. Walikuwa wamemwambia Pryluky imeteketea, tangu baridi alikuwa anakulilia kama marehemu. Akacheka, akatuambia, jamani, mama yangu yuko hai, na bado ni mbishi."

"Wakamfanya nini alipocheka?"

Pylyp akatazama viatu vyake, viatu vipya alivyopewa kwenye basi. "Walimpiga."

"Sana?"

"Sana, Mama."

Nesi akasema inatosha, daktari anasubiri. Pylyp akainamisha kichwa mbele ya Raisa. "Nisamehe, bado nina namba nyingine za kupiga," alisema, akaingia ndani.

Walirudi kwenye gari, wakakaa bila kuliwasha. Raisa alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma kama jino. Myroslava alijipangusa uso kwa kiganja, akaichukua simu, akaishika kama anayeogopa kuivunja.

"Niifunge, Mama? Kwa wale tu?"

"Iache wazi."

"Watapiga tena. Watataka picha."

"Najua."

"Na ukikataa watampiga, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia." Raisa alichukua simu yake, akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Nitawakatalia kwa sauti kubwa. Huenda siku hiyo watakuwa wamemweka karibu, asikie."