Moshi wa Januari

Huku Selvarsa, milimani Italia, unga wetu hautoki shambani. Unatoka msituni, kwenye mikastanya. Njugu zake huokotwa Oktoba na kupandishwa kwenye dari ya fito ndani ya kibanda cha mawe. Chini yake huwashwa moto uliofunikwa kwa maganda ya mwaka uliopita, ufuke tu bila ndimi, usiku na mchana, mpaka Desemba. Kisha moto huzimwa na kastanya hupurwa siku hiyo hiyo, zingali na joto, maana zikipoa maganda hayabanduki. Watu huzitia kwenye magunia na kuyabamiza juu ya magogo. Kishindo husikika bonde zima.

Kibanda ninachokizungumzia kilikuwa cha nyumba mbili: ya Ersilia Bertagni, ambako nimepanga chumba tangu nilipoletwa kufundisha, na ya Ottorino Vannucchi, ng'ambo ya njia. Vita viliwatenganisha. Amedeo, mdogo wake Ersilia, alijiunga na wapiganaji wa msituni. Ottorino alivaa shati jeusi la mgambo wa Mafashisti na kuhamia mjini, chini bondeni.

Januari 1945 theluji iliwashinda wapiganaji huko juu. Amedeo na wenzake wawili wakajificha kibandani, na Ersilia akawa anawapelekea chakula. Asubuhi moja mgambo walikizingira kibanda wakawaua wote watatu mlangoni. Kijiji kilikuwa na maelezo yake: nyayo za Ersilia kwenye theluji ndizo zilizowaongoza mgambo. Hakuna aliyemwambia usoni. Alipofika kwenye birika la kufulia, wanawake walisogeza ndoo zao. Mwenyewe pia aliamini hivyo. Hata kiangazi alitembea akigeuka kuitazama ardhi nyuma yake.

Aliniambia anamsikia Amedeo akikohoa mle ndani. Tangu utoto moshi ulimsumbua kifua. Nilikwenda kuangalia mara mbili, nikakuta utando wa buibui.

Mwaka 1946 unga uliadimika, na Ersilia akakubali kibanda kiwashwe tena. Septemba ya mwaka huo Ottorino alikuwa amerudi. Serikali ilitoa msamaha, naye alisema vitani alikuwa mpishi wa kambi tu.

Siku ya kupura watu walijaa uani.

"Beppe, unalipiga hilo gunia au unalibembeleza?" aliuliza bibi Fosca, jirani yetu.

"Nalibembeleza, bibi. Nyumbani nimenyimwa mazoezi."

Walikuwa bado wanacheka Ottorino alipoingia na chupa ya mvinyo, kuchukua fungu lake.

"Mpishi huyo!" Beppe alisema. "Leo umetupikia nini?"

"Nimeleta cha kunywa. Kula mtakula kastanya zangu."

"Pita, lakini angalia unapokanyaga," alisema bibi Fosca. "Huku nyayo zimeua watu."

Alisema hivyo akimtazama Ersilia. Ersilia aliinamisha kichwa, akaendelea kupepeta.

Nadhani Ottorino alitaka kumsaidia. Sina ushahidi wa nia nyingine.

"Acheni hayo ya nyayo, mama. Nyayo zipi? Usiku ule theluji ilianguka ikafunika kila kitu. Mlipura wenyewe Desemba, tukasikia mpaka mjini. Kisha Januari moshi unatoka. Unakausha nini wakati dari ni tupu? Kapteni alikuwa mtu wa pwani, angekaa hapo mwaka mzima asielewe. Ilihitaji mtu wa huku."

Beppe alibaki ameshika gunia lake hewani.

"Mtu yupi wa huku?" aliuliza Ersilia.

Ottorino alitazama chupa yake.

"Yamepita, dada Ersilia. Nimeshasamehewa."

"Sikukuuliza hilo."

Ottorino alichukua gunia moja akaondoka. Bibi Fosca akachukua ungo mwingine, akaketi karibu na Ersilia, wakapepeta pamoja.

Nilitegemea Ersilia apate nafuu. Hakupata. Usiku alinieleza jambo ambalo kijiji hakikulijua: Desemba ile Amedeo alituma ujumbe kwamba huenda watahitaji kibanda, wasipure kwanza, ili moshi usimshangaze mtu. Mama yao, ambaye sasa ni marehemu, alikataa. Kastanya zikizidi siku, unga huwa mchungu, naye hakuwahi kuchelewa kupura. Wakapura, tena kwa nyimbo, kama kila mwaka.

"Kwa hiyo si miguu yangu, Mwalimu," alisema. "Ni mikono."

Januari ilipofika, theluji ikiwa imefunika vigae, niliona moshi. Moshi wa kibanda hautoki kwenye bomba. Hupenya kati ya vigae, na paa zima linafuka. Nilimkuta Ersilia mlangoni akimwaga maganda kwenye moto.

"Unakausha nini?"

"Hakuna kitu."

Moto aliuacha uwake siku baada ya siku. Hakumwambia mtu sababu, wala haikuhitajika. Kila aliyepita alitazama paa, kisha akatazama dirisha la Ottorino lililolielekea. Ottorino akafunga vibao vya dirisha. Moshi ukaingia kupitia nyufa. Dukani watu walimpa alichotaka, wakanyamaza mpaka atoke.

Hatimaye alikuja. Ilikuwa mchana, na mimi nilikuwa nimesimama pale na Ersilia.

"Uzime, Ersilia. Nakuomba."

"Kibanda ni chetu sote. Ingia uuzime."

Alisogea, akaweka mkono kwenye komeo. Hapo akasita, akautoa mkono kana kwamba chuma kimemuunguza.

"Nani yumo humo?"

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anakohoa."

Mimi sikusikia kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ersilia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Wewe ndiye unayejua kuusoma moshi, Ottorino," alisema. "Tuambie wewe wako wangapi."