Mlango wa Igizo

Kazi yangu katika igizo letu ilikuwa kukaa nyuma ya mlango. Niliichagua mwenyewe. Mimi ni mtu wa haya. Nikitazamwa na watu wengi, koo hukauka na maneno hupotea. Nyuma ya mlango hakuna anayeniona, na sentensi ya mke wa mlevi naiweza: "Nani huyo usiku wote huu?"

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, kwenye fremu ya chuma yenye miguu. Aliutengeneza Fundi, mchomeleaji wa mageti, ambaye ndiye aliyekuwa akiigiza mlevi. Hakuhitaji kufundishwa, maana maisha yalikuwa yake. Alikunywa mpaka mkewe akachukua watoto akahama bila kuaga, na alipookoka akaanza kuwatafuta, hakuna ndugu aliyekubali kumwambia walikokwenda. Hayo aliyasimulia kwa machozi siku aliyokuja kwenye huduma yetu ya vijana kwa mara ya kwanza. Tukaona ni ushuhuda wa kuwafaa wanafunzi wa sekondari, tukaufanya igizo la kutambulisha huduma mashuleni.

Lakini wanafunzi hawapendi kuhubiriwa. Kila tulikokwenda, walikuwa wanaamka pale Fundi anapojikwaa. Basi tukaongeza kujikwaa. Tukaongeza ufagio, anaoukumbatia akidhani ni mkewe. Tukamfunga mto tumboni. Kidogo kidogo machozi yakatoka kwenye igizo, yakabaki madoido. Fundi hakulalamika.

"Akicheka amefungua mdomo," alisema. "Na aliyefungua mdomo unaweza kumlisha."

Ijumaa hiyo tulikuwa kwenye shule ya bweni ambayo hatukuwahi kufika. Walitupa bwalo baada ya chakula cha mchana, meza zikiwa bado na unyevu wa kufutwa. Kiranja wa bwalo, msichana mrefu aliyekunja mikono ya sweta, alikuwa akiwapanga wadogo mbele.

"Wewe, hiyo ni meza, siyo kitanda cha shangazi yako. Shuka."

Akashuka. Kiranja hakuwa mtu wa kurudia neno.

Kiongozi wetu, kaka mpiga gitaa, akapanda jukwaani. "Bwana asifiwe!"

"Ameeen!"

"Mmeshiba?"

"Hatujashibaaa!"

Bwalo likachangamka. Fundi akaingia akiyumba, kofia imeziba uso, mto umemtangulia. Akaukuta ufagio, akaukumbatia.

"Mama watoto! Mbona umekonda hivi? Nimetoka asubuhi tu!"

Wakaangua kicheko. "Huyo mjomba wangu kabisa!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mjomba, rudi nyumbani!" Hata mwalimu mlezi alikuwa anajifuta macho.

Fundi akafika mlangoni. Hapo huwa anacheza kidogo, akigonga kwa kidole kimoja kama mposaji. "Hodi, hodi, mwenye nyumba! Hodi, ua langu!"

"Nani huyo usiku wote huu?" nikauliza nyuma ya mlango.

Alitakiwa ajibu, "Mume wa ufagio." Hakupata nafasi ya kujibu.

"Hakuwa anapiga hodi," sauti ikasema.

Nilichungulia kwenye upenyo wa bawaba. Kiranja alikuwa amesimama katikati ya bwalo, mikono imenyooka ubavuni kama mtu aliyeitwa mstarini.

"Hakuwa anapiga hodi," akarudia, yeye asiyerudia. "Alikuwa anapiga teke. Mama alikuwa anasogeza kabati mlangoni, na mimi namsaidia kusukuma. Muulizeni mkono wa mama ulivunjikaje."

 Kisha mmoja akapiga makofi. "Wamepanga hao! Kiranja naye yumo!" Wengine wakaitikia makofi, wakacheka, wakageuka kumtazama vizuri. Walipoona uso wake, makofi yakaanza kukatika, meza moja baada ya nyingine, mpaka likasikika bomba la jikoni likidondosha maji.

Fundi alivua kofia. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, mlango tu kati yetu, na nilisikia pumzi yake ikiingia isitoke.

"Kasuku?" alisema.

"Usiniite hivyo."

Akashuka jukwaani, mto ukamteleza tumboni ukaanguka. Akapiga hatua kuelekea kwake.

"Simama hapo hapo."

Akasimama kati ya meza mbili, kofia mkononi.

"Kuna nini?" mwalimu mlezi akauliza. "Hii ni sehemu ya igizo?"  Kaka mpiga gitaa alikuwa ameshika gitaa kama mtu aliyepewa mtoto wa watu asijue ambembeleze vipi.

 Nilitoka nyuma ya mlango, macho ya shule nzima yakaniangukia. Tangazo la kualika watu kwenye huduma, ambalo hutolewa igizo likiisha, halikuwa kazi yangu, wala sikulikumbuka. Nilimtazama Kiranja peke yake.

"Tusamehe, mdogo wangu," nilisema. "Tulitaka mcheke."

"Tumecheka, dada," alisema. Akachukua kitambaa chake cha kufutia meza, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nikamalizia kwa lile tangazo, sijui nililianzaje: kwamba wanaotaka tutakutana Jumatano baada ya masomo, maabara ya zamani. Fundi alikuwa bado amesimama palepale. Wanafunzi walitoka wakimzunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe, wala hakusogea mpaka mwalimu mlezi alipomshika bega.

Garini Fundi alikaa na mto mapajani.

"Amekua," alisema. "Zamani alikuwa hanyamazi. Ndiyo maana tulimwita vile." Akaugeuza mto, akasema tena, "Sikujua kama alikuwa anasukuma kabati. Nilidhani ni mama yake peke yake."

Jumatano maabara ilijaa, wengi wao wakiwa wamekuja kutafuta umbea. Mlango wa igizo hatukuubeba, wala ufagio. Mwalimu mlezi alikaa karibu na sinki. Nilikuwa naanza kuomba mlango ulipofunguliwa, akaingia Kiranja. Minong'ono ikakatika.

"Sijaja kuokoka," alisema. "Nimekuja kuona kama amekuja kweli."

"Amekuja," nilimwambia. "Yuko nje, pale bombani. Hakutaka kuingia."

"Usipotaka, ataondoka sasa hivi," mwalimu mlezi akasema. "Neno lako tu."

Kiranja alitazama nje ya dirisha. Fundi alikuwa amesimama juani amevaa shati lililopigwa pasi, mikono haina kitu. Kiranja alimtazama muda mrefu, nikadhani atalia, au atamfukuza. Nilijikuta nikisali bila maneno.

Badala yake akaenda, akaufunga mlango wa maabara. Akavuta stuli, akaketi karibu na mlango huo, akiutazama.

"Dada, mwambie dirishani. Akitaka kuingia, mlango ndio huu."

Nikamwambia. Tukasikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha vikasimama.  

"Hodi," Fundi akasema. Hakuwa na mzaha hata kidogo.

Kiranja hakuinuka.

"Hodi."

Nilimwona akishika kingo za stuli. Sote tunajua mgeni hapigi hodi zaidi ya mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, anageuza. Mkono wangu ulitaka kwenda kitasani, nikauzuia. Haukuwa mlango wangu.

"Hodi," kwa mara ya mwisho, sauti imeshuka mno.

"Nani?" Kiranja akauliza.

 Nilimfikiria amesimama pale, akichagua jina.

"Fundi," akajibu hatimaye. "Fundi wa mageti."

Msichana alifuta uso kwa mkono wa sweta. Akainuka, akasogeza stuli yake pembeni ili mlango upate nafasi ya kufunguka.

"Karibu, fundi," alisema.