Gari la Kwanza, Saa Kumi Kamili

Kwa miaka kumi na minne nilimdanganya baba yangu kwa kiasi kilekile: saa moja. Kila niliporudi nyumbani kwa ndege nilimwambia kuwa ingetua saa moja baada ya wakati wake halisi. Sikuwa na nia mbaya, au ndivyo nilivyojiambia. Niliihitaji saa ile. Nilipanda kwenye mgahawa wa ghorofa ya juu pale uwanjani, nikanawa uso, nikanywa kahawa peke yangu, nikauvua uhadhiri wangu na kuuvaa utoto wa nyumbani taratibu. Kisha nilishuka na sanduku langu na kutokea mlangoni kama mtu aliyetua sasa hivi. Baba alikuwa akinisubiri kwenye maegesho, taa ya teksi imezimwa, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Karibu, mwanangu. Ndege imewahi?"

"Imewahi, baba."

Baba aliendesha teksi katika uwanja huohuo wa ndege kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi ni mtu wa takwimu. Tasnifu yangu yote ni hesabu za foleni, na neno lenyewe nililisikia kwanza mezani kwetu, baba akisimulia nani kampita nani na nani karudishwa mkiani. Hata hivyo, haikunijia hata siku moja kujiuliza kama mtu wa kazi ile anaweza kutojua ndege ipi imetua saa ngapi.

Safari hii alinipigia simu wiki moja kabla, jambo ambalo si desturi yake. Yeye husubiri kupigiwa.

"Usinitafute kwenye maegesho," alisema. "Nenda kituo cha teksi kama abiria wengine. Saa kumi kamili panda gari la kwanza."

"La kwanza la nani, baba?"

"La kwanza ni la kwanza. Umesoma kote huko, kuhesabu mpaka moja nako kukushinde?"

Tulicheka. Nilikuwa nimekwisha kumwambia ndege itatua saa tisa na nusu. Ilikuwa itue saa nane na nusu, na ikatua saa nane na nusu.

Nilikuwa mgahawani, kikombe kiko nusu, ulipoingia ujumbe kutoka kwa waandaaji wa mkutano ulioniita. Mgeni rasmi amebadilisha ratiba: angewasalimu watoa mada saa kumi, si saa kumi na moja. Je, ningeweza kuwahi? Nilitazama saa, tisa kasoro dakika tano. Nilifikiri kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuchagua soksi. Baba ni wangu, nilijiambia, yupo leo na yupo kesho. Mgeni rasmi yupo saa kumi tu. Nitampigia nikishafika mjini, nimwambie ndege imechelewa. Baada ya miaka kumi na minne, uongo mmoja zaidi haukuwa na uzito mkononi.

Kituoni alisimama mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, msimamizi wa foleni. Hakuniuliza jina wala niendako. Alipuliza, akanyoosha kidole kwenye gari la kwanza, na saa tisa na robo nikawa kwenye kiti cha nyuma, sanduku langu miguuni.

Dereva alikuwa mwembamba wa makamo, na juu ya kioo cha nyuma alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu jina aliloitwa na wenzake: Redio. Hatukumaliza hata kona ya kwanza kabla sijaelewa sababu.

"Kaka yangu, una bahati. Dakika tano zaidi, ungetukuta tunagombana."

"Mnagombania abiria?"

"Tunagombania kutopata abiria! Leo kituoni kwetu mambo yamepinduka." Alicheka mpaka akagonga usukani. "Unajua kazi yetu inavyokwenda? Magari yote yanalala uwanja wa nyuma. Ukiitwa unasogea, ukifika mbele unapakia yeyote atakayekuja. Awe tajiri, awe na mbuzi, unapakia. Ukikataa, unarudi mkiani. Huchagui abiria, na abiria hakuchagui."

"Na leo?"

"Leo kuna mzee wetu mmoja anatimiza miaka sabini. Sheria ya chama chetu cha madereva: sabini, beji ya kazi inarudi. Jioni hii saa kumi na mbili ofisi inafungwa na beji yake ndani. Sasa mzee ana ombi moja tu. Abiria wake wa mwisho awe mwanawe."

Mkono wangu ulikuwa juu ya sanduku. Ulibaki hapohapo.

"Si amfuate tu nyumbani ampakie?" nilisema, na sauti yangu ilitoka vizuri mno.

"Hapo ndipo hujamjua. Baba Profesa huyo! Sisi tunamwita hivyo, maana kila siku ni profesa wangu hivi, profesa wangu vile, hata bei ya vitunguu ikipanda utasikia profesa wangu alishaisema. Anasema miaka yote amemchukua mwanawe kama baba anayempokea mtoto, gari limeegeshwa pembeni, taa imezimwa. Hajawahi kumpakia. Anataka safari hii amfikie kwa zamu, kwenye foleni, filimbi ipulizwe, mita iwashwe, mlango afunguliwe. Kijana aone baba yake alikuwa akifanya kazi gani."

"Na mwanawe anajua?"

"Hajui. Mzee alisema akimwambia atakuja kwa huruma. Sasa zamu haitengenezwi kwa mdomo, kaka. Tangu asubuhi tunapiga hesabu. Nani apakie wa karibu, nani ajifanye tairi limepungua upepo, ili ikifika saa kumi Baba Profesa awe mbele kabisa. Mimi hapa nilikuwa nikale. Nimeambiwa, Redio, ondoka na huyo, tunakuhitaji utoke njiani."

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema papo hapo: mimi ndiye. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na majibu niliyoyapata ni mazuri kwa maandishi lakini hayanisaidii. Niliona aibu, hilo ni kweli. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kikipiga hesabu. Upande wa kushoto palitokea kituo cha mafuta chenye njia ya kugeuzia magari. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Tukigeuza hapa, nilihesabu, nitamwahi baba, ila mgeni rasmi nitamkosa. Tukiendelea, mgeni rasmi nitamwahi, na baba nitampigia. Nilikuwa bado napima wakati kituo cha mafuta kikibaki nyuma yetu.

"Na kama mwanawe asipotokea?" niliuliza.

"Atatokea. Mzee anasema huyo kijana saa zake hazipindi." Redio alinitazama kwenye kioo. "Wewe una mzazi, kaka?"

"Ninaye baba."

"Mtunze. Wangu alifariki nikiwa kwenye foleni, nambari nne."

Maneno hayo yalinisogeza karibu kabisa na kusema. Nilipiga simu ya baba. Iliita mpaka ikakatika. Nilikumbuka kwamba akiwa kazini huiweka simu ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa sababu, husema, abiria hakulipia kusikiliza habari za nyumbani kwako. Nilipiga tena. Mbele yetu mzunguko wa barabara ulifunguka, ukampa kila mtu nafasi ya kurudi alikotoka. Saa kumi kasoro dakika kumi. Simu ya waandaaji ikaingia wakati uleule. Nikaipokea. "Nipo njiani," niliwaambia, "nakaribia." Tukauacha mzunguko, tukapanda daraja, na kwenye mteremko wake lori la saruji lilikuwa limekufa katikati ya barabara.

Tulisimama. Wachuuzi wa maji na chaja za simu walipita kati ya magari. Redio alizima injini, akashusha kioo, akaanza mazungumzo na dereva wa gari la jirani juu ya uzembe wa wenye malori. Nilitazama saa ya dashibodi. Ilifika saa kumi kamili, na hakuna kilichotokea ndani ya gari lile. Niliona tu, waziwazi kama picha ukutani, mzee mwenye shati lililonyooshwa akishika kitasa cha mlango wa nyuma, akitazama mlango wa wasafiri. Saa kumi na dakika tano. Saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na dakika kumi na nne ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Mimi ndiye huyo mwanawe."

Redio aligeuka polepole, mwili mzima. Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta pua ya baba, nadhani, na akaipata.

"Mbona hukusema pale kwenye kituo cha mafuta?"

Tayari alikuwa na simu sikioni. Aliiweka sauti juu ili nisikie, kwa wema au kwa adhabu.

"Mama Filimbi! Mzuie Baba Profesa, mwanawe ninaye mimi!"

"Unaye wapi?"

"Darajani."

Kulikuwa na upepo kwenye simu, na mlio wa mizigo ikiburutwa. "Ameondoka," yule mama alisema. "Hata dakika tatu hazijapita. Amekataa abiria wawili, Redio. Mzee yule! Nilitakiwa nimrudishe mkiani, nikajifanya naandika. Wa tatu alikuwa mama na mtoto mwenye plasta ngumu mguuni, jua linawachoma. Akatazama mlango mara ya mwisho, akasema, hawa siwezi kuwakataa. Akawapakia."

Redio aliikata simu. Haikuhitajika hata kugeuza gari. Hilo nililiona wakati ule, nikiwa nimebanwa kati ya lori na ukingo wa daraja. Kituo cha mafuta, mzunguko, hesabu zangu zote za nani nimwahi na nani nimkose, hazikuwa na maana. Ilihitajika sentensi moja, mahali popote barabarani, nayo ingemfikia kupitia kwa Mama Filimbi, akanisubiri mpaka nirudi.

"Nipeleke ofisi ya chama," nilisema.

"Sawa, mheshimiwa," alijibu. Hakuniita kaka tena hadi tulipoagana.

Lori lilivutwa saa kumi na nusu. Mgeni rasmi alikwisha kuwasalimu wote na kupigwa nao picha. Simu ya waandaaji iliita mara mbili, nikaiacha. Ofisi ya chama iko katikati ya mji, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, chumba kimoja chenye dirisha la chuma, benchi la mbao na karani anayeita kwa nambari. Nilifika kabla ya baba. Nilikaa kwenye benchi na kutunga maneno ya kuomba radhi. Niliyatunga vizuri, yana utangulizi na sababu. Saa kumi na moja na nusu alipanda ngazi, akashika ukuta kidogo katika ile ya mwisho, akaniona.

Hakushtuka. Alikwenda kwanza dirishani, akafungua kibanio kifuani, akaisukuma beji chini ya vyuma. Karani akaitupa ndani ya droo, ikagonga nyingine. Kisha baba akaja kukaa kando yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika. Ndege ilichelewa?"

Kwa swali lile alikuwa amenifungulia mlango, kama mtu wa kazi yake. Nilichotakiwa ni kuingia tu.

"Haikuchelewa. Ilitua saa nane na nusu."

"Najua."

"Baba, na zile nyingine..."

"Na zile nyingine zote. Ubao wa ndege uko mbele ya macho yangu kutwa, wewe ulidhani natazama nini? Mwaka wa kwanza tu nilikuona mwenyewe pale juu, unakunywa kahawa. Nikasema mwache, anapumua." Alifuta kiganja kwenye goti la suruali. "Mtu akitoka safari ndefu anahitaji kukaa na nafsi yake. Sikuona ubaya. Mimi nilikuwa nakaa na yangu kwenye maegesho."

"Basi leo?"

"Leo nilikuwa wa kwanza."

Maneno yangu yote, pamoja na utangulizi wake, yalibaki kinywani kama chakula cha moto. Karani aliita nambari ya mtu mwingine. Baba alisema, kwa sauti ya anayekiri, "Nimekataa abiria wawili. Miaka thelathini na mmoja sijakataa hata mlevi."

"Turudi," nilisema. "Gari liko chini. Turudi uwanjani sasa hivi, unipakie, uniteremshe hapahapa."

Alitabasamu, na kwa kitambo nilidhani amekubali.

"Beji iko ndani ya droo, mwanangu. Ukipanda sasa, wewe ni mtoto wangu tu, si abiria wangu."

"Kwangu hilo si dogo, baba."

"Kwangu pia si dogo. Lakini hilo nilikuwa nalo siku zote." Aliinuka, akatafuta funguo mfukoni. "Nilikuwa nalitaka lile lingine."

Tulishuka ngazi. Alinifungulia mlango wa mbele wa gari, taa ya teksi imezimwa.