Koni za Kuokota

Miche yote ni ya mti mwingine. Miaka sita nimemwagilia msonobari wa kawaida nikidhani ni ule wa kileleni.

Aliyeniambia ni bwana misitu, kasimama kitaluni hata kofia hajavua. Alichuma jani moja, akalisokota kwa vidole viwili. Likazunguka kama njiti ya kiberiti.

"Wa kileleni jani lake ni bapa, mzee. Halizunguki. Koni za mbegu mlizitoa wapi?"

"Mdogo wangu alipanda juu akazikata."

"Alipanda kweli?"

Nikamwita. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali, na kicheko chake mdomoni.

"Siku ile ulipanda mti?"

"Kaka, yamekuwa ya polisi?"

"Jibu."

Kicheko kikaisha. "Niliokota. Chini zilijaa tele, nzima nzima. Nipande mita thelathini za nini?"

Bwana misitu akashusha pumzi. Koni za mti ule husimama wima juu ya tawi kama mishumaa, na hupukutikia hukohuko juu. Nzima huikuti chini; ukiikuta, ni ya msonobari wa kawaida. Hilo nilikuwa nalijua. Marehemu baba alinifundisha mwaka nilioacha shule. Lakini siku ile goti liliniuma, nikamtuma mdogo wangu bila kumweleza. Na majani sikuwahi kuyasokota. Nani anamkagua mwanawe kujua kama ni wake?

Sikusema hayo. Nilisema, "Mvivu wewe! Umenimaliza."

"Uliniuliza gunia limejaa, kaka. Nikasema limejaa. Habari za kupanda hukuniuliza."

"Toka kitaluni kwangu."

"Kwako? Ndoo za maji alizibeba nani?"

"Toka!"

Akatoka. Bwana misitu akajifanya anasoma karatasi zake. Nikamwambia kesho napanda mwenyewe, goti lipende lisipende.

"Upande mti upi, mzee? Moto wa mwaka juzi uliiteketeza yote kule juu. Tulikuwa tunategemea hii miche yako."

Nimehesabu, kiriba kwa kiriba, kila mche na kifuko chake cha udongo. Miche elfu tatu mia nne na kumi, haina pa kwenda. Miti mama saba ya kileleni, majivu. Miaka sita. Mdogo mmoja, sina mwingine, ambaye sasa akiniona njiani anavuka upande wa pili. Na maneno machache niliyopaswa kumwambia kabla hajabeba gunia: usiokote, panda.